Puto la baba

Leo nimemuudhi mzee wangu kwa puto!

Baba alikuwa dereva wa watalii hapa Karatu. Kila Krismasi yuko mbugani Kreta na wageni, kwa hiyo sebule tunapamba bila yeye, ila tunamwachia puto moja. Akirudi, hata kama sikukuu imeshapita, analipuliza na kulitundika mwenyewe.

Mwaka huu kastaafu. Mimi nikawahi, nikapuliza maputo yote, nikatundika, nikajisifu.

Mzee kaingia, kaangalia ukuta mzima.

"Langu liko wapi?"

"Baba, si upo nyumbani sasa?"

(Nyie mngejibu nini?)

Kapanda kwenye stuli, kashusha jekundu, kalitoa upepo, kalipuliza upya, kalitundika palepale.

Ndipo akakaa.

"Haya, leteni chai. Nimefika."