Siku Amina Ilipokosekana

Mimi sina subira na mtu mzima anayevunja undugu kwa sababu ya serikali. Nasema mapema usije ukadhani ninasimulia kwa upole. Mimi ni fundi wa nguo hapa Mosocho, na mpaka leo nikiikumbuka ile Jumapili ya wakwe inabidi niweke mkasi chini, nisije nikaharibu kitambaa cha mtu.

Si kwamba nyumbani kwetu tulikuwa mabubu. Marehemu mume wangu na mdogo wake walibishana siasa tangu nilipoolewa. Huyu yuko upande huu, yule upande ule, na uchaguzi ukiwageuza wanabadilishana pande na kuendelea pale pale. Taarifa ya habari ikiisha redioni, moto unawaka. "Wewe umerogwa!" "Na wewe umenunuliwa kwa kilo ya sukari!" Mimi niko jikoni nasonga ugali wa wimbi, nawasikia wakipiga meza mpaka vikombe vinaruka. Ugali ukiiva wananawa, wanakula sahani moja, wanagombania chinsaga ya mwisho, hiyo mboga chungu tunayoipenda kupita kiasi. Asubuhi wako shambani pamoja. Wajinga waliitana kila siku ya Mungu, lakini adui, sikuwahi kulisikia neno hilo mle ndani.

Sasa tazama tulipofika. Kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo lilianzishwa kwa ajili ya matanga na harusi, limepasuka vipande viwili. Kuna la wale wanaosema tuingie serikalini tupate barabara, na kuna la wale wanaosema heri tope kuliko kuuza damu ya vijana waliouawa kwenye maandamano. Wa huku hawawasalimii wa kule. Kanisani watu wamehama viti. Mama mmoja muuza ndizi, jirani yangu wa miaka mingi, alikoma kuniletea nguo za kushona kwa sababu alisikia shemeji yangu ni wa upande gani. Mimi hata hakuniuliza nina maoni gani! Na shemeji mwenyewe, tangu kaka yake alipofariki, hana wa kubishana naye. Anabishana na simu, na simu haimwambii mtu basi, njoo tule.

Huyo shemeji ndiye aliyekuwa msemaji wetu Jumapili ile ya posa. Ningefanyaje? Binti yangu wa pekee anaposwa, baba yake yuko kaburini, na mdogo wa baba ndiye baba. Nilitaka binti yangu aolewe na yule kijana, na sioni haya kulisema. Nilikuwa nimewaona wakicheka pamoja mlangoni pa duka langu. Mwanangu hakuwa amecheka hivyo tangu tumzike baba yake.

Walijuania wapi? Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Walijuania kwenye maandamano ya vijana, Kisii mjini. Mabomu ya machozi yaliporushwa, kijana alimshika mkono, wakaingia mbio katika duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja, na mwenye duka akateremsha shata la mlango akawapa maji ya kunawa macho. Wote wawili walinisimulia wakipokezana, huyu akisahau yule anakumbusha. Nikawaambia, nyinyi, hiyo hadithi ni nzuri sana, na isitoke nje ya mlango huu. Nilikuwa nimeshapeleleza. Baba ya kijana, mzee wa kanisa huko Nyamira, alikuwa upande wa serikali kama msumari ulivyo ndani ya mbao.

Kwa hiyo nilijipanga. Shemeji nilimwita pembeni asubuhi.

"Shemeji, leo ni ng'ombe na watoto. Siasa hapana."

"Kwani mimi ni mtoto?" akanijibu. "Nikichokozwa je?"

"Hata ukichokozwa. Meza mate."

"Sawa, shemeji. Kwa ajili ya kaka nitameza."

Wageni walipofika, nikapita na uteo nikazikusanya simu zote, kuanzia za wenyeji. Wakacheka. Baba ya kijana akasema, "Huyu mama ni serikali kamili!" nami nikacheka kwa sauti kuliko wote. Wakakaa. Habari za mvua, habari za majani chai, habari za wagonjwa. Mambo ya ng'ombe yakajadiliwa kwa utani mzuri, wetu wakivuta huku, wao kule, wakakutana katikati. Nikaanza kupumua. Chakula kikaletwa mezani, kuku, chinsaga, ugali wa wimbi umefunikwa bado unatoa mvuke. Nikamwomba mzee mgeni atuombee.

Nilikuwa nimezuia simu. Kuzuia maombi nani angefikiria?

Akasimama, tukainamisha vichwa. Akashukuru kwa safari, kwa mikono iliyopika, akamwombea hata marehemu wangu, nikafuta chozi. Kisha akavuta pumzi na sauti ikapanda. "Na Bwana, tunawaweka viongozi wetu mikononi mwako. Na wale wahuni wanaochoma barabara, wasiolelewa, wanaotumiwa na maadui wa nchi, Bwana, wanyamazishe. Kwa jina la Yesu."

Kwao waliitikia amina. Kwetu, kimya. Nikaitikia mimi peke yangu, haraka haraka, nikashika kifuniko cha ugali.

"Hiyo amina," shemeji akasema taratibu, "mimi siisemi."

"Shemeji."

"Nimemeza mate mpaka yameisha. Mtu anamwomba Mungu awanyamazishe watoto wa watu, na mimi niitikie? Vijana wamezikwa, mzee. Unataka wanyamaze kuliko hapo?"

Mzee wa Nyamira alikuwa bado amesimama. "Kwa hiyo wewe ni mmoja wao. Kumbe tumekuja kuoa kwa watu wa mawe."

"Na sisi kumbe tulikuwa tunampa mtoto mtu wa kupiga magoti Nairobi!"

"Wazee wangu," nikasema, "chakula kinapoa. Tafadhalini."

Hakuna aliyenisikia. Wakasimama wengine. Mmoja wa upande wao akasema barabara yao imetiwa lami na yetu itabaki mifereji mpaka tupate akili. Mmoja wa upande wetu akamuuliza hiyo lami amelala nayo kitandani au vipi. Ulimi hauna mfupa, jamani. Watu wenye mvi, wakwe kwa wakwe, watu ambao kwa desturi yetu hata kutazamana usoni ni kwa heshima, wakanyoosheana vidole juu ya chakula changu. Hasira ilinipanda nikatamani kuwamwagia mchuzi wote.

Kisha mzee wa Nyamira akainua mkono, wakanyamaza. Akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa ya upole, na upole huo ndio ulionitia baridi.

"Mama, hawa wanaume wana kelele. Nakuuliza wewe uliyemlea. Mtoto wa mtu mwenye adabu haendi kule. Nihakikishie tu kwamba huyu tunayemchukua hakuwa miongoni mwao, na sisi tutakaa, tutakula, na haya yataisha."

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Hakuwepo. Silabi nne tu, na binti yangu ameolewa. Nikamtazama kijana, maana swali lilikuwa lake pia. Alikuwa amekaa pembeni ya baba yake, anafumua uzi wa kitambaa cha kochi kwa kucha.

"Nilikuwepo."

Binti yangu alikuwa mlangoni, birika na beseni mkononi, amekuja kuwanawisha wageni. Sikumwona alipoingia. Hakupaza sauti. "Nilikuwepo, baba. Sikuchoma kitu. Niliimba, nikalia kwa sababu ya moshi, nikarudi nyumbani."

Mzee alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. "Ulikuwa na nani?"

Mungu wangu. Binti yangu hakugeuza hata jicho kumtazama kijana.

"Tulikuwa wengi," akasema.

Akangoja. Naapa alingoja. Birika lilikuwa zito, na bado alikuwa amesimama pale akimpa mtu nafasi. Uzi wa kitambaa ukakatika. Kijana akauviringisha kidoleni.

Wakaondoka. Kwetu mkwe akiondoka bila kugusa chakula, hakuna haja ya kuambiwa neno jingine. Walichukua simu zao kwenye uteo mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. Kijana alikuwa wa mwisho. Akamnong'oneza binti yangu kwamba atampigia. Binti yangu akamwambia, "Barabara inateleza, mwangalie baba yako."

Shemeji alikwenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikamsikia akilia kama mtoto. Sikumfuata. Ningemfuata ningemchapa.

Nilibaki na binti yangu na meza iliyojaa. Na mimi, kwa vile bado nilikuwa naitaka ile ndoa, nikaanza kumtetea kijana. Nikasema asimhukumu haraka. Nikasema baba yake alikuwa hapo, wazee walikuwa hapo, na yeye mwenyewe anajua kwetu kijana anayeposa hafungui mdomo kikaoni, ana watu wake wa kumsemea. Ni desturi tu, nikamwambia. Desturi ndiyo iliyomfunga mdomo.

Aliweka birika na beseni chini, birika bado limejaa, beseni kavu, hakuna aliyenawa.

"Mama," akasema, "msichana anayeposwa naye huwa anaruhusiwa kusema?"