Mbwa Niliyekataa Kumfunga Nguzoni

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, nami nitakusimulia nilivyoiona mwenyewe, si kama watu wa mtaa wetu wa Tsaramandroso hapa Mahajanga wanavyoipamba. Wao hawakuwapo. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi mvua ile ilininyea mpaka mifupani.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, Wafaransa wakiwa bado wanatawala, nikapata kazi katika kisiwa cha Nosy Be, kwenye shamba la milangilangi, miti ya maua ya manukato, la Mfaransa mmoja. Kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika lugha yake, nilitazamia kupewa kalamu. Nilipewa mbwa watano. Kila asubuhi niliwatoa nyumbani kwake, nikapita nao penye mtambo wa kuchemshia maua, tukashuka hadi pwani na kurudi.

Unajua hukumu ya mate ya mbwa kwetu sisi Waislamu wa pwani hii: yakikugusa, uoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Mimi, kwa ujanja wa kijana, nikatafuta njia ya kutoguswa kabisa. Nilikata mwanzi mrefu, nikazifunga kamba zote tano kwenye ncha yake, nikawa nawaongoza kwa mbali kama mtu anayesukuma mtumbwi kwa pondo. Wachuma maua walicheka sana.

"Shekhe wa mbwa!" mmoja wao aliniita kila nilipopita. "Leo safu yako imenyooka? Yule wa nyuma mbona hataki kufuata imamu?"

Yule wa nyuma ndiye aliyekuwa taabu yangu. Alikuwa jike, manyoya ya manjano, sikio moja limechanika. Kila alipouona mwanzi alilala chini akatoa meno. Niliambiwa amefunzwa kuchukia watu weusi. Niliambiwa aliwahi kuua mtu upande wa bara. Nani aliniambia? Watu. Nami, msomi mzima, nikaamini, na siku ya nne nikampiga kwa kitako cha ule mwanzi katikati ya njia.

Alikuwa akipita Fundi, ndivyo sisi wenye asili ya Ngazija tunavyomwita mwalimu wa Kurani, mzee mkavu asiyepoteza neno. Alizifungua zile kamba moja moja, akazitia mkononi mwangu, kisha akautupa mwanzi kichakani.

"Umemwona akiuma mtu?"

"La, Fundi. Lakini wanasema..."

"Mate ya mbwa huoshwa kwa maji na udongo. Huu ukatili wako utauosha kwa kitu gani?"

Akaenda zake. Nilibaki na kamba tano na aibu isiyo na pa kuitundika.

Kuanzia kesho yake nilishika kamba kwa mkono, mate yakanigusa, nikaosha. Ndiyo sheria, na haijaniua. Wale wanne niliwatembeza kwanza, kisha nikamrudia yeye peke yake. Sikumvuta. Nilikaa chini nimempa mgongo, kipande cha samaki mkavu kando yangu, nikasoma kitabu. Siku tatu hakukigusa. Siku ya nne alikula. Kwa kumtazama, si kwa kuuliza watu, nikajua kwamba hakuchukia rangi ya mtu yeyote: aliogopa chochote kilichoinuliwa, iwe fimbo, jembe, hata kapu la maua likipandishwa begani. Basi penye watu nilipita upande wao, yeye upande wa pili. Mwezi ulipoisha alitembea na wenzake, kamba imelegea, ubavu wake ukigusa mguu wangu.

Ndipo ikafika asubuhi niliyokutajia. Msimamizi wa shamba alimpelekea bwana habari kwamba mbwa wa manjano amemng'ata Mama Soa, mchuma maua. Bwana alitoka na bunduki.

"Mfunge kwenye nguzo," aliniamuru.

Elewa, mwanangu: siku zile neno moja la Mfaransa lilitosha kumtia mwenyeji korokoroni bila kumwona hakimu. Hata hivyo nilimgeukia msimamizi.

"Wewe umeona?"

"Shamba zima linasema!"

"Sikukuuliza shamba linasema nini."

Nikamwita Mama Soa mwenyewe. Alikuja akichechemea, kitambaa kimefungwa mguuni, akatutazama kama watu waliopungukiwa na akili.

"Mbwa gani? Nimejikata kwa jembe langu jana. Mbona hakuna aliyekuja kuniuliza mimi mwenye mguu?"

Bwana aliona haya, na haya ya mwenye nguvu ni hatari kuliko hasira yake.

"Nimeshatoa amri," alisema. "Mfunge."

"Sifungi."

"Unasemaje?"

"Nimesema sifungi, bwana. Hana kosa."

Aliinua bunduki. Niliisikia kamba ikitetemeka mkononi, nikajua kwamba mbwa akiruka, akionyesha jino moja tu, uongo wote utageuka kweli. Hakuruka. Alijibana nyuma ya miguu yangu akabaki hapo, nami nikabaki mbele yake. Sikuwa shujaa. Lakini sikuondoka.

"Nenda naye," bwana alisema mwishowe, akiishusha bunduki. "Nisiwaone tena katika kisiwa changu."

Kisiwa hakikuwa chake, na hilo pia nilimwambia.

Nikaja na mbwa wangu Mahajanga, akaishi uani kwangu miaka tisa. Wapo walioacha kunywa kahawa yangu kwa ajili yake, wakidai nimeritadi. Hawakuniuliza, walisema. Sikulitubia jambo lile, na katika uzee huu sitalitubia.

Watakuambia: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo mimi naikataa hadharani. Lisemwalo haliji kwa miguu yake; sisi ndio tunaolibeba. Kwa hiyo, mwanangu, ukiletewa kosa la kiumbe yeyote, nenda kwanza kwa anayedaiwa kudhuriwa. Ukitaka kuaminiwa na aliyeumizwa, msogelee polepole, naye achague saa ya kukujia. Na ukishajua jambo kwa macho yako, simama nalo, hata kama aliye mbele yako ana serikali nyuma yake.

Mungu akupe jicho linalojitafutia, sikio lisilo na haraka, na siku utakapoamriwa dhuluma, aufanye ulimi wako uwe mzito kusema ndiyo. Amina.