Plagi Mfukoni

Jina lake zima, kama karakana nzima inavyomjua, ni Mama Bawaba, binti wa mfua visu, mjukuu wa bibi aliyevukuta moto wa mhunzi akiwa na mimba ya miezi tisa. Yeye mwenyewe kakata chuma kwa gesi miaka thelathini na moja, na milango aliyoitundika haijalia hata leo.

Yanayolia sasa ni magoti yake. Mafundi wanaoshiriki karakana wamekubaliana mitungi ya gesi iondoke, ibaki mashine ya plazma, ile inayokata kwa umeme na hewa. Atakayefeli mara mbili jaribio la mashine hiyo mbele ya msimamizi atabaki kusugua kutu. Mama Bawaba alikwishafeli mara moja.

Si kwamba hakujua kukata. Juma lililopita alivaa glavu kavu na kinyago cheusi kuliko miwani yake ya gesi, akabana waya kwenye bati, akakata mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi. Akaachia kitufe cha kukatia. Hewa ikapuliza kidogo, ikanyamaza. Ncha ya kukatia ilikuwa imelika, akapeleka vidole kuifungua. Msimamizi, ambaye ni rika la kitindamimba wake, akamdaka mkono. Swichi ya mashine ilikuwa haijazimwa.

“Mama, hii ikinyamaza haijafa.”

Wifi yake, anayegawana naye meza ya kazi, alimcheka njia nzima ya kurudi nyumbani. “Miaka thelathini na moja, wifi, na bado unamshika simba sharubu kwa kuwa kafumba macho?”

Usiku ule alivitazama vidole vyake akaona kosa liko wapi: vilizoea gesi, kwamba kimya maana yake moto umekufa. Vidole vizee havifundishiki, vinapewa kazi nyingine.

Leo amekata tena. Kimya kilipokuja, vidole vikaanza safari yao. Akavigeuza: vikazima swichi, vikachomoa plagi ukutani, vikaitia mfukoni mwa aproni. Ndipo akafungua ncha.

Msimamizi akauliza nani kamfundisha hilo la mfuko.

“Hakuna. Ni vidole vyangu siviamini.”

Akaandikiwa amefaulu. Hakushangilia, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha miguu. Zamu ilikuwa ya wifi, ambaye mikono yake ina haraka kama mdomo wake. Mama Bawaba akafungua aproni, akamtupia.

“Vaa. Huigusi ncha mpaka plagi iwe humu. Na kesho wewe ndiye utakayemfundisha fundi rangi, anayejaribiwa baada yako, mimi sina magoti ya kusimama tena.”