Fungu la Baba

Juzi, sokoni Buleusa, harufu ya nyama ya porini iliyokaushwa kwa moshi ilinirudisha utotoni.

Alasiri moja ya utoto huo, kijijini kwetu, wawindaji waligawa nguruwe pori, wakiita kila mtoto kwa jina la baba yake. Mimi sikuwa na baba. Lakini katekista alikuwa ametufundisha kwamba Mungu ni Baba yetu, nami nikadhani ana fungu lake pale. Nikanyoosha mikono.

“Uko mutoto ya nani?” akauliza mzee aliyeshika kisu.

“Ya Mungu.”

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akakata fungu lake mwenyewe, akanipa lote likiwa bado na joto.

“Pelekea mama yako. Umuambie Baba yako mwenyewe njo ametuma.”

Leo najua jioni ile mzee alikula sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama. Nikiulizwa mimi ni wa nani, bado najibu vilevile.