Wanataka nifute misalaba ya mume wangu

Bukavu, Jumapili mchana, mvua inanyesha

Kwa Admin, na kwa ndugu wote mnaosoma hapa,

Naomba jina langu lifichwe. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, mjane, naishi na watoto wangu hapa Bukavu. Mume wangu nitamwita Papa Neema. Alikuwa mtumishi wa serikali katika biro, yaani ofisi, inayosimamia ujenzi. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye miteremko, na nyumba ambayo udongo ungeweza kuishusha aliipiga msalaba mwekundu ukutani, maana yake watu wahame.

Hakuna aliyempenda kwa kazi hiyo. Lakini alikuwa na desturi yake. Kwanza alipiga hodi, akasalimia, kisha akamwomba mwenye nyumba amshikie kopo la rangi wakati yeye anapaka. Alisema si vizuri mtu aandikiwe ukuta wake kama vile hayupo. Mama mmoja wa kule korongoni, karibu na mtaa wetu, alilishika kopo akilia, akamwambia, "Papa, unanizika nikiwa muzima." Alihamia kwa dada yake huku anamlaani. Mvua zilipokuja, jiko lake lote lilishuka korongoni, na hakukuwa na mtu ndani. Alituletea mihogo, akakaa kidogo, akaenda.

Jioni Papa Neema alisafisha kucha zake kwa petroli, na mtoto wetu mdogo alimwuliza kila mara kama ameumia.

Kisha akaja shefu mpya, mkubwa wa biro yao. Viwanja vya korongo vilianza kuuzwa tena, lakini kila aliyefika kutazama aliona misalaba akarudi alikotoka. Shefu akamwamuru Papa Neema achukue chokaa aifute ile misalaba. Alikataa. Hakupiga kelele. Aliendelea kufika kazini kila asubuhi, akimsalimia shefu kwa heshima na kufanya kazi nyingine zote alizopewa. Wenzake walimcheka: "Wewe uko mutumishi wa serikali ao uko nabii?" Mimi pia nilimwuliza kama haogopi. Akanijibu, "Shefu nitamutii, maman. Lakini mvua haiko chini ya shefu."

Wakamhamishia Minova, mbali nasi. Huko akaugua presha. Katika simu yake ya mwisho aliniuliza kama mvua inanyesha Bukavu. Nikamwambia ndiyo, kidogo. Alirudi kwa boti, ndani ya sanduku.

Tangu hapo mvua ikianza siwezi kukaa. Zamani alikuwa analitoa koti lake la mvua kwenye msumari, anasimama mlangoni kusikiliza upande wa korongo. Koti bado linaning'inia palepale. Mvua ikianza nasikia kama mtu analitoa. Naenda kuligusa mgongoni nione kama limelowa. Ni kavu siku zote, na naona haya kwamba nimeligusa. Leo pia nimeligusa.

Sasa sikieni shida yangu. Mnajua kwetu mtumishi akifa, mara nyingi mahali pake hupewa mjane au mtoto wake, ili nyumba isilale njaa. Matanga yalipoisha, shefu mwenyewe alikuja kwetu na soda za watoto. Aliongea kwa upole, akasema mahali pa Papa Neema ni pangu, nianze Jumatatu. Nilimshukuru mpaka machozi yakatoka. Alipofika mlangoni, karibu na lile koti, akageuka.

"Maman, kazi ya kwanza iko nyepesi. Ni chokaa tu, kule korongoni. Watu wakiona ni wewe, muke yake, hawatakuwa na maneno."

Shemeji yangu anasema nikubali tu. "Musalaba ni rangi," anasema. "Watoto ni watu." Ni kweli. Nikikataa atapewa mwingine, chokaa itapakwa vilevile, na wanangu watabaki mikono mitupu. Lakini hao watakaonunua nao watakuja na watoto wao, watatandika vitanda pale ambapo jiko lilishuka. Na mkono utakaokuwa umefuta utakuwa wangu. Nitapiga hodi kwa nani, nani atanishikia kopo?

Alhamisi niliitoa brosi yake ya kupakia rangi chini ya kitanda. Ilikuwa imekauka, ngumu kama ukuni. Nikaitia ndani ya petroli, na mpaka sasa sijui nilikuwa nailainisha kwa ajili ya chokaa au kwa ajili ya kitu gani. Nimeshabadilisha petroli, na bado inatoa nyekundu.

Kesho asubuhi shefu ananingoja. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanya nini? Andikeni, nitasoma yote, hata ya kunigombeza. Na asiye na shauri, siku mvua ikinyesha kwake, anikumbuke mimi pamoja na Papa Neema.