Aliyetumwa na Dada

Siku ile pale kwenye jiwe tulikuwepo watu watano. Mimi, mkubwa wa nyumba yetu. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye hakuwa chini bali juu, ananing'inia kwenye kamba. Rafiki yake, mtoto wa jirani, ndiye aliyekuwa anaishika hiyo kamba. Mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji, anatoka shambani na baiskeli yake. Na mtani wetu mmoja, mama wa makamo mwenye mzigo wa kuni kichwani, ambaye hakuwa na shughuli yoyote pale ila alikataa kuondoka. Nawataja wote kwa sababu kesho yake, kwenye ofisi ya kijiji, watu walivyohadithia ungedhani nilikuwepo mimi peke yangu.

Jiwe lenyewe si kubwa. Ni ukuta wa chokaa, urefu wa minazi miwili ukiibebanisha, kwenye vilima vyetu juu ya Njinjo. Sisi tulikuwa tunalipita tu tukienda kukata kuni. Halafu wakaja watu kutoka Dar es Salaam wenye kamba, wakaomba ruhusa kijijini, wakatoboa mwamba na kupigilia pete za chuma kutoka chini mpaka juu. Kila mstari wa pete wanauita njia. Unapanda kwa mikono na miguu yako, kamba unaipitisha kwenye kila pete unayoifikia, na mtu wa chini anaishika ili ukianguka usifike mbali.

Mwanzoni niliwabebea maji. Siku moja mmoja wao akakosa mwenzake, nikafundishwa kushika kamba. Nilipanda mara mbili tatu, nimevaa suruali ya mdogo wangu chini ya gauni, watu wakacheka mpaka nikaacha. Lakini kushika niliendelea. Kazi ile haitaki nguvu, inataka mtu asiyechoka kutazama juu. Mwalimu wa kamba, mtu wa Moshi aliyekuwa akija na wageni, alisema mikono yangu hailali. Akaacha kijijini kamba moja, mikanda miwili na kofia ngumu, vikae kwangu, ndani ya gunia, chini ya kitanda.

Kozi, wale ndege wawindaji, walikuwepo kabla ya pete. Wawili, dume na jike, na kiota chao kiko kwenye kijukwaa cha mwamba katikati ya jiwe. Wageni wenyewe ndio waliosema ndege hawa wakisumbuliwa wakati wa mayai wanaacha kiota, kwa hiyo jiwe lifungwe kila mwaka mpaka makinda yaruke. Kamati ikakubali. Hawakuandika tarehe, maana nani huku angeikumbuka. Walisema mikorosho ikitoa maua jiwe linafungwa, korosho za kwanza zikianguka linafunguliwa. Hesabu hiyo kila mtu anaiona akiwa mlangoni kwake. Ubaya wake ni mmoja: masika jiwe liko wazi na barabara imefungwa na matope, kiangazi barabara iko wazi na jiwe limefungwa. Wageni wanaotufikia ni wachache, na vijana wetu wanaotaka kujifunza wanabaki kulitazama jiwe kama sahani ya mtu mwingine.

Kufunga kwenyewe kulifanywa kwa adabu. Ubani ulichomwa, fatiha ikasomwa, Wakristo wakasimama pembeni wameinamisha vichwa, kwa sababu jiwe ni la wote. Kisha mzee aliyesoma dua akauliza, "Yatima ni nani hapa?" Wanasema dua ya yatima haina pazia, basi ilitakiwa yatima afunge kipande cha kaniki kwenye pete ya kwanza, ili atakayevuka aogope. Watu wote wakanigeukia. Nikasema mimi nimeshapita umri huo, yatima hasa ni huyu mdogo wangu. Wakasema yeye bado mtoto, kaniki inataka mtu wa kuaminika.

Baba alitangulia, mama akafuata, na mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilikunja sare, nikaiweka sandukuni, nikashika jembe. Tulikuwa wanne na wa mwisho hajaanza shule. Baada ya arobaini ya mama, sufuria za majirani ziliacha kuja. Hakuna aliyeuliza tena yatima ni nani, wala wamekula nini. Ilipofika zamu ya ndege, walitukumbuka. Nilifunga kaniki. Nilipomaliza kuifunga, ikasemwa mbele ya watu kwamba atakayevunja mfungo atakaa chini ya jiwe kulilinda misimu mitatu, kuanzia asubuhi hadi alasiri, bila malipo.

Mdogo wangu alikua akawa mpandaji mzuri kuliko wote. Miguu yake inaona, mimi sijui kusema vingine. Mwalimu wa kamba akaahidi kwamba jiwe likifunguliwa atakuja kuchagua kijana mmoja, ampeleke Moshi akajifunze kazi ya milimani. Kijana huyo apande njia ngumu iliyoko kushoto mwa kiota bila kuanguka, na awe na barua ya tabia njema yenye mhuri wa kijiji. Kwenye nyumba yetu hakuna aliyewahi kuchaguliwa kwa kitu chochote. Mimi nilitaka aende kuliko alivyotaka mwenyewe. Barua niliipeleka ofisini kwa mkono wangu, ikawa inangoja mhuri.

Shida ni kwamba njia ile ilikuwa inamshinda katikati, mahali mwamba unapojitokeza kama kidari. Kila siku aliniambia, "Dada, nikifanya mazoezi mara mbili tu naipata."

"Subiri korosho zianguke."

"Zikianguka mwalimu naye kashafika! Nitafanya mazoezi lini, nikiwa nimelala?"

"Fanya hivyo. Ukilala huanguki."

Alicheka. Nilidhani yameisha.

Siku yenyewe nilikuwa naanua mihogo niliyoianika. Niliingia ndani kutafuta kitu cha kuitia, nikalivuta gunia la kamba nilihamishe. Likaja jepesi. Sikufunga hata mlango.

Nilimsikia kozi kabla sijaliona jiwe. Jike alikuwa anazunguka na kupiga kelele, anashuka, anapanda, anashuka tena. Mdogo wangu alikuwa juu ya kidari, amekipita, vidole vyake vyeupe kwa chaki ya kuzuia jasho, na mbawa zinampitia karibu na sikio. Rafiki yake chini alikuwa ameishika kamba, anageuka kutazama njiani. Kwenye pete ya kwanza kaniki ilikuwa imesogezwa kando, imefungwa vizuri kabisa, kama pazia lililofungwa kando ili mtu apite.

Mtani wetu alikuwa ameshafika, mzigo kichwani. "Ee mtani!" akaniita. "Kumbe siku hizi nyumba yenu mnavua watu kwa ndoana?"

"Niache, mtani."

"Mwache yeye huko huko. Akaatamie mayai, huenda safari hii akatotoa kitu!"

Kwenye njia ya shamba ikasikika kengele ya baiskeli. Mwenyekiti alikuwa amezisikia kelele za ndege. Yule mtoto wa jirani alipomwona, mikono yake ikaachia kamba, akaanza kuhangaika na mshipi wa mkanda apate kukimbia. Kamba ilikuwa bado imefungwa kiunoni kwake, na kwenye ncha ya pili alikuwa ndugu yangu. Niliruka nikaudaka mkia wa kamba chini ya mikono yake, nikauvuta nyuma ya nyonga kama nilivyofundishwa. Wakati uleule mdogo wangu akateleza. Kamba ilikaza, ikanichuna kiganja, nikakaa chini kwa kishindo. Lakini hakufika mbali.

Nilimshusha polepole. Hata kama ningetaka kuitupa kamba ile, nisingeweza. Mwenyekiti akafika, akasimamisha baiskeli, akaona kamba mikononi mwangu mimi niliyefunga kaniki.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. Mwanamume yule nilimwamkia miaka yote ya maisha yangu na hakuwahi kuniacha na shikamoo mdomoni. Alitazama juu, akatazama viganja vyangu, akasema, "Kesho asubuhi, ofisini."

Kesho yake kwenye baraza ya ofisi watu walijaa. Mezani niliiona ile barua, haina mhuri. Mwenyekiti akamsimamisha mdogo wangu.

"Kijana, nani kakuvusha kaniki?"

Mdogo wangu alitazama viatu vyake. "Nilitumwa."

"Na nani?"

"Na dada. Alinituma nikaangalie kama makinda yameota manyoya, ajue lini tutafungua."

Akaendelea, na sauti yake ilikuwa tamu, sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. "Mwenyekiti, mimi mama simjui. Mama yangu ni dada. Na mama akikutuma, utakataa?"

Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Mjumbe hauawi," akasema, na wengine wakaitikia. Hiyo ndiyo kawaida yetu. Aliyetumwa na mkubwa wake hana kosa, kosa ni la aliyetuma. Mdogo wangu aliijua vizuri, maana mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mkubwa akikutuma huulizi.

Nilimlea tangu anabebwa mgongoni. Nilimwogesha, nilimpeleka shule, usiku wa homa nilimshikia kitambaa cha maji. Hakuwahi kuniita mama, nami sikuwahi kumwomba. Mara ya kwanza kuitwa hivyo ilikuwa barazani, mbele ya watu, ili kosa lake lipate pa kukaa.

"Ni kweli ulimtuma?" mwenyekiti akaniuliza.

Rafiki yake alikuwa pale, akajitia kufunga kamba za viatu. Mtani wetu naye alikuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitania, akanitazama tu. Mimi niliitazama barua.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimtuma."

Mhuri ukapigwa siku hiyohiyo. Mimi nikapewa misimu yangu mitatu, kuanzia mfungo unaofuata.

Jiwe lilipofunguliwa, mwalimu alikuja, na aliyeshika kamba nilikuwa mimi. Mdogo wangu aliipanda ile njia bila kuanguka, watu wakapiga makofi. Makinda yalikuwa mawili. Tulikuwa tumeviona vichwa vyao tukiwa chini, kabla ya siku ile. Lililoruka lilikuwa moja. Mwalimu alisema hutokea, lenye nguvu hula chakula cha mwenzake. Labda. Mimi najua kwamba siku ile jike alikaa nje ya kiota muda wote mdogo wangu alipokuwa juu, na jua lilikuwa la adhuhuri.

Nilimsindikiza mdogo wangu hadi kwenye basi. Nilibeba begi lake nikiwa nangoja neno moja. Sikutaka anipigie magoti, neno moja tu lingenitosha. Akapanda, akafungua dirisha, akasema, "Dada, ile kofia ngumu usimpe mtu."

Msimu wangu wa kwanza ulianza mikorosho ilipotoa maua. Mkulima wa korosho anajua maana yake. Huo ndio wakati wa kupulizia salfa, na salfa hupuliziwa alfajiri, umande haujakauka, mti kwa mti, kisha unarudia tena na tena. Mimi alfajiri nilikuwa njiani kwenda kwenye jiwe. Mikorosho yangu ikashikwa na ubwiri unga, maua yakawa kama yamemwagiwa majivu, yakanyauka. Mihogo ikaliwa na nguruwe mwitu. Wapandaji hawakuja hata mmoja. Kwa miezi yote ile niliowazuia ni watoto wawili waliofuata mbuzi.

Mtani alikuwa akipita na kuni zake. "Mtani, dunia nzima inafukuza ndege shambani, wewe unawalinda! Watakulipa nini, mayai?"

"Wataniletea kuku kama wewe."

"Kuku gani, mimi jogoo!" Akatua mzigo, akakaa. Alikaa nami mara nyingi, na mhogo wa kuchoma aliukata vipande viwili. Hakuitaja siku ile hata mara moja, nami nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa mhogo.

Mdogo wangu hupiga simu, ya picha siku hizi. Nyuma yake kuna baridi, unaiona kwenye koti lake. Juzi alinikuta nimekaa palepale chini ya jiwe.

"Dada! Bado wanakukalisha hapo? Hawa wazee bwana, roho mbaya tu. Si uwaambie yaishe?"

"Niwaambie nini?"

Nilimwona anatazama pembeni, halafu akaitikisa simu. "Mtandao huku unasumbua, dada. Nitakupigia."

Hajapiga.

Mwenyekiti siku hizi anaitikia shikamoo yangu. Mwaka huu alikuja akasema kamati haitakataa nikitafuta mtu wa kunikalia, niende nikapulizie mikorosho yangu. Nilimkatalia. Alishangaa, akadhani namringia. Sikumringia. Nilisema ndiyo mbele ya watu, na ndiyo ile ilikuwa ya uongo. Nikimkalisha mtu mwingine juu ya uongo wangu nitakuwa nimefanya kama nilivyofanyiwa. Nitakaa mwenyewe.

Huu ni msimu wa pili. Kozi wamerudi, jike anaatamia, na korosho bado hazijaanza kuanguka. Zikianguka, nitakuwa bado nadaiwa msimu mmoja.