Mita Nane za Kebo ya Nefta

Siku ya tatu tulikuwa tumeshachimba mashimo manne katika shamba la mitende la hajja Mahbouba, hapa Nefta, na hatukupata kitu ila mchanga. Pampu ya kisima ilikuwa inanguruma bila kuzunguka. Ugonjwa tuliujua: kati ya nyaya tatu za kebo iliyofukiwa kutoka transfoma hadi kisimani, mmoja ulikuwa umekatika. Wapi, hatukujua. Ilikuwa Septemba, tende zinaanza kuiva, na maji yalikuwa yanahitajika.

Ndipo hajja alipomleta Wassila Guedri.

Hakuwa injinia. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa mtunza maabara wa shule moja ya ufundi huko Tozeur, kazi yake kupanga vifaa mezani kabla ya somo na kuvirudisha kabatini baadaye. Baba yake alikuwa mpanda mitende, akikata vishada vya tende za watu wengine. Mashine ya kupima mawimbi ya umeme alijifunza mwenyewe, kwa kusoma kitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa walimu wakienda kula. Mimi nilimwona tu mama mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, akifungua blanketi lililozungushiwa mashine yenye kioo kidogo.

Ami Lazhar, msimamizi wetu, ndiye aliyeifukia kebo ile miaka kumi na miwili nyuma. Hakupendezwa.

"Binti, hiyo televisheni itatuonyesha mpira?"

"Itatuonyesha kazi yako, ami," alijibu bila kuinua macho. "Kebo ina urefu gani?"

"Mita mia nne kamili. Niliifukia yote, hakikubaki hata kipande."

Alihakikisha kebo imefunguliwa ncha zote mbili na haina umeme. Kisha, pale penye transfoma, akaunga kifaa kidogo kilichopeleka mapigo mafupi kwa pamoja kwenye waya mzima na kwenye ule mbovu. Pigo likifika mwisho wa waya, au penye jeraha, linarudi kama mwangwi, na muda wa kurudi ndio unaotoa umbali. Lakini kiooni tuliona mistari miwili iliyojaa manyoya, imetikisika hovyo.

"Hayo manyoya ni nini?" niliuliza.

"Mota za kiwanda cha kufungasha tende pale barabarani. Kebo yenu inazisikia zote."

Akaiambia mashine itoe mstari mmoja kwenye mwingine. "Kinachofanana kwenye nyaya zote mbili kitafutika," alisema. "Kitakachobaki ni kidonda."

Kilichobaki kilikuwa vilima kila mahali. Ami Lazhar akacheka mpaka akakohoa.

"Kidonda kimekuwa ndui, binti."

Wassila alikagua nyaya zake za kupimia, moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa. "Kosa langu. Huu unapunguza wimbi mara kumi, na mashine sijaiambia. Nimetoa kilo kwenye gramu." Alirekebisha, vilima vikatoweka, yakabaki manyoya peke yake.

Sasa akachagua wastani. Kwanza mapigo kumi na sita, halafu sitini na nne, halafu mia mbili hamsini na sita. Nilisimama nyuma yake nikaona mstari ukijisafisha mbele ya macho yangu. Kelele za mota, alinieleza, hazifuati saa ya mapigo yake. Mara zinapanda, mara zinashuka, na ukizijumlisha zinauana. Mwangwi unakuja mahali pale pale kila mara, kwa hiyo unabaki. Na kweli, katikati ya mstari ulionyooka kilisimama kinundu kimoja.

"Mita mia mbili arobaini na nane kutoka hapa."

Tukapima kwa futi kamba, tukachimba hadi kiunoni. Kebo tuliiona, nzima, haina hata mkwaruzo.

Ami Lazhar hakucheka tena, alikasirika. "Tumechimba mashimo matano sasa. Vijana wamechoka."

Wassila alibeba mashine hadi kisimani, akapima upya kutoka upande ule. Mita mia moja hamsini na mbili. Tulipopima, alama mpya iliangukia mita nane karibu zaidi na transfoma kuliko shimo letu la tano.

"Kebo ina mita mia nne," alisema polepole, "na ardhi ina mia tatu tisini na mbili. Hilo nilipaswa kulipima asubuhi. Ami, mita nane zimelala wapi?"

Ami Lazhar alivua kofia, akajikuna. "Pale transfoma. Nilizizungusha chini ili siku moja zifae. Nikasahau, mwanangu."

Tulichimba penye alama mpya. Kiungo cha zamani kilikuwa kimeingia maji, shaba imegeuka kijani na kumeguka. Alasiri ile ile pampu ilizunguka.

Hajja alituletea mkate wa mtabga, moto, umejaa vitunguu na pilipili, akamuuliza Wassila anataka nini. Aliomba shimo lisifukiwe hadi Jumatatu. Jumatatu alikuja na wanafunzi kumi na wanane, akawasimamisha ukingoni, akaanza kwa kuwaeleza makosa yake mawili. Ami Lazhar alikuwapo, amevaa shati safi, na alipoulizwa na msichana mmoja ni nani aliyezificha zile mita nane, aliinua mkono.